Ua la Siku Moja Baada ya Baridi Ndefu

Wahenga walinena kwamba subira huvuta heri. Maneno hayo huyafahamu vema wakazi wa kaskazini-mashariki ya Marekani na wa kusini-mashariki ya Kanada, ambako baridi huanza kubisha hodi mwezi wa Novemba na pengine haiagi hadi Aprili. Katika miezi hiyo miti mingi husimama mitupu, ardhi hufunikwa na theluji, na jua huchwa mapema. Mgeni aliyetoka Bukavu au Bujumbura, aliyezoea kuona majani mabichi mwaka mzima, huweza kudhani kuwa msitu umekufa. Kumbe umelala tu.

Ndiyo maana theluji inapoanza kuyeyuka, wapo wake kwa waume, wazee kwa vijana, wavaao mabuti, wakachukua kamera zao na kuingia msituni kuyatafuta maua ya kwanza. Hayo si matembezi ya kupoteza wakati. Ni kazi itakayo macho makali, magoti yasiyoogopa tope, na kuijua saa yake. Kwa maana maua hayo hayamngoji mtu.

Ua litangulialo halina sura ya kusifiwa. Ni la mmea wa vinamasini ambao wenyeji wameupa jina la kabichi ya kicheche kwa sababu ya uvundo wake. Lakini ua hilo lina ajabu yake: hujifanyia joto lenyewe, hata likayeyusha theluji iliyolizunguka. Mpiga picha hulikuta limekaa katika kishimo cha mviringo, nalo lina rangi ya damu ya mzee, na pande zote ni weupe mtupu.

Aprili huleta hepatika, ua dogo la zambarau au jeupe, ambalo shina lake limeota vinyweleo laini. Hufuata sanguinaria, iliyopata jina lake kutokana na damu, kwani tunguu lake likikatwa hutoa utomvu mwekundu, ambao wenyeji wa asili wa nchi hiyo waliutumia kutia rangi. Jani lake moja hulizunguka tumba kama khanga imzungukavyo mtoto mgongoni mwa mama. Ua lenyewe ni jeupe. Hufunguka kwenye jua na kujifunga jioni, na baada ya siku moja, mbili au tatu petali zake huanguka. Mvua ikipiga, huanguka mapema zaidi. Aliyesema atakwenda Jumapili ijayo hulikuta jani peke yake.

Mwezi wa Mei ni zamu ya trilia, yenye majani matatu na petali tatu. Trilia nyeupe ilichaguliwa mwaka 1937 kuwa ua la jimbo la Ontario. Mbegu zake huchukuliwa na sisimizi, ambao huvutwa na kipande cha mafuta kilichoshikamana na kila mbegu. Baada ya kuota, mmea hukaa miaka saba au zaidi kabla ya kutoa ua lake la kwanza.

Haraka ya maua haya ina sababu. Maisha yao hutegemea zile wiki chache ambazo jua limekwisha kupata nguvu, na miti mirefu bado haijavaa majani. Katika muda huo mwanga hufika hadi chini, na mmea hutengeneza sehemu kubwa ya chakula chake cha mwaka mzima. Miti ikifunga kivuli, karamu imekwisha.

Karamu hiyo sasa inafupishwa. Mwandishi Henry David Thoreau, aliyeishi katika mji wa Concord, jimbo la Massachusetts, aliandika kati ya mwaka 1852 na 1858 tarehe ambazo kila aina ya ua ilichanua. Karne moja na nusu baadaye, mtaalamu Richard Primack wa Chuo Kikuu cha Boston na wenzake walizichukua orodha hizo, wakatembea palepale. Waliona kwamba kwa wastani maua yanachanua kiasi cha wiki moja mapema kuliko zamani, kwa kuwa hali ya hewa imeongezeka joto. Nayo miti imetangulia zaidi ya maua kwa kutoa majani. Zaidi ya robo ya aina alizoziona Thoreau hazikuonekana tena. Daftari la mtu mmoja mtembezi limekuwa ushahidi.

Kwa hiyo picha iliyoandikwa tarehe na mahali si pambo la ukutani tu. Aipigaye hana budi kushuka hadi usawa wa ua, maana ua lililopigwa kutoka juu hufanana na kifungo kilichoanguka njiani. Kamera huwekwa juu ya kifuko cha mchanga au cha maharage ili isitikisike. Mwanga wa mawingu hutunza weupe wa petali usiungue. Lakini kwa kuwa hepatika na sanguinaria hutaka jua ndipo zifunguke, mpiga picha huzifuata jua likiwa juu, kisha huzitilia kivuli kwa mwili wake. Karatasi nyeupe iliyoshikwa kando huurudisha mwanga palipo na giza.

Kabla ya kupiga goti huyatazama majani makavu, kwa kuwa chini yake mna matumba ambayo hayajatokeza. Majani hayo hayafagiliwi ili picha ipendeze, kwani ndiyo blanketi ya mimea wakati sakitu inaporudi usiku.

Wala ua halichumwi. Wengi huko Ontario huamini kuwa kuchuma trilia ni kosa popote. Sivyo ilivyo, katazo limo katika hifadhi za jimbo, si katika kila msitu. Lakini palipokosekana sheria, akili inatosha. Majani matatu yaliyo chini ya ua ndiyo jiko la mmea. Yakichukuliwa pamoja na ua, mmea hukaa na njaa mwaka mzima, na huweza kufa. Kilichochukua miaka saba kujengwa huvunjwa kwa nukta moja, nalo ua lililochumwa hunyauka kabla ya kufika nyumbani.

Mwenye kamera hurudi na tope magotini, na ua huliacha lilipo. Mwaka ufuatao, baridi itakapokwisha, atajua pa kulitafuta. Na tarehe aliyoiandika itamwambia kama limewahi au limechelewa.