Karani asiyejua kujumlisha anamponza mkulima

Wapo wafanyabiashara wadogo na vyama vya ushirika walioweka daftari kando na kuhamia kwenye kompyuta. Ni hatua ya kupongezwa. Kinachosikitisha ni kuwa karani akishafundishwa kuingiza kumbukumbu, huonekana amehitimu. Kazi ya kuzijumlisha huachiwa fundi aliyeleta programu, ambaye siku ya malipo simu yake haipatikani.

Kanzidata za nyaraka, mfano MongoDB iliyotolewa kwanza mwaka 2009, hazilazimishi kila kumbukumbu ifanane na nyingine kama mistari ya jedwali. Waraka wa mfugaji mmoja unaweza kuwa na lita za asubuhi na jioni, wa mwenzake ukawa na mkopo wa pembejeo ndani yake. Uhuru huo unafaa kijijini, lakini ndio unaoleta balaa wakati wa kujumlisha.

Tangu toleo la 2.2 la mwaka 2012, MongoDB ina utaratibu wa kujumlisha kwa hatua. Mama anayeandaa mchele wa kuuza ataulewa upesi: kwanza hupepeta, kisha hugawa mafungu, ndipo hupima. Hatua ya $match hupepeta, yaani huchukua stakabadhi za mwezi husika tu. $group hugawa mafungu kwa kila mwanachama, na ndani yake $sum hujumlisha lita.

Sasa karani aandike "9 lita" mahali palipotakiwa tarakimu 9 peke yake. Kwa kompyuta hayo ni maneno, si namba. $sum huyaruka kimya kimya, bila onyo lolote. Mfugaji aliyepeleka lita 9 asubuhi na 6 jioni atalipwa lita 6, na karatasi ya malipo itatoka safi kabisa. Vivyo hivyo mafungu yakigawanywa kwa majina, "Ally" na "Ali" watahesabiwa watu wawili hata kama ni mtu mmoja. Namba ya uanachama ndiyo itumike.

Wastani nao una mtego wake. Chukua mfano wa mfanyabiashara aliyenunua magunia 90 ya mchele kwa Sh120,000 kila moja, kisha magunia 10 kwa Sh80,000. Akiiambia kompyuta itafute wastani wa bei kwa $avg, itachukua manunuzi hayo mawili na kumpa Sh100,000. Atauza kwa Sh110,000 akijua kapata faida. Ukweli ni kuwa ametumia Sh11,600,000 kwa magunia 100, hivyo kila gunia limemgharimu Sh116,000. Akimaliza mzigo amepoteza Sh600,000, mbali na usafiri na ushuru. Kompyuta haikukosea, iliulizwa swali lisilo lenyewe. Alipaswa kujumlisha fedha zote, kujumlisha magunia yote, ndipo agawanye.

Watakuwapo wa kusema haya ni ya wasomi wa mjini. Si kweli. Kwa duka lenye bidhaa chache daftari linatosha, na hakuna haja ya kununua makuu. Lakini chama kinachopokea maziwa ya mamia ya watu kila siku hakiwezi kutegemea fundi wa mbali. Karani aanze na stakabadhi kumi tu, azijumlishe kwa kalamu, kisha aiulize kompyuta hatua moja moja na kutazama kila hatua imetoa nini. Majibu yakitofautiana, asiendelee mbele hadi ajue sababu.

Wanachama nao wasiridhike na jumla ya lita inayosomwa kwenye mkutano mkuu. Wadai pia idadi ya stakabadhi zilizopokelewa, na idadi ya zile ambazo lita zake zimeingizwa kama namba. Hesabu hizo mbili zikipishana hata kwa moja, kuna mfugaji ambaye maziwa yake hayajalipwa.