Kipimo hakikueleza kwa nini mtu anajificha

Tangu mwaka 2022, mwalimu wa sekondari nchini Uganda mwenye shahada na anayefundisha fizikia analipwa Shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi. Mwenzake wa historia, naye mwenye shahada, amebaki na takriban milioni 1. Juni 2025 walimu wa masomo ya sanaa waligoma tena. Rais Museveni amekuwa akirudia kwa miaka mingi kwamba masomo hayo hayana faida kwa nchi. Uamuzi huu wa mishahara ni kosa, na watakaoumia zaidi ni watu ambao hawajawahi kukanyaga chuo kikuu.

Wanaoutetea wanasema walimu wa sayansi ni haba na fedha za serikali hazitoshi. Ni kweli. Lakini uhaba huo hauondoki kwa kumdhalilisha mwalimu wa jiografia.

Ili kuona gharama ya kuyadharau masomo hayo, twende Guangzhou, China, jiji ambako wafanyabiashara wa masoko ya Afrika Mashariki kama Kariakoo, Nyamakima na Kikuubo hufuata mzigo. Aprili 2020, baada ya Wanigeria kadhaa kukutwa na virusi vya korona, mamlaka ziliwafuata Waafrika kwa vipimo na karantini, wakiwemo ambao hawakuwa wamesafiri. Wenye nyumba waliwatoa wapangaji, mahoteli yakawakataa, watu wakalala barabarani na chini ya madaraja. Tawi moja la McDonald's lilibandika tangazo la kuwazuia watu weusi, na kampuni ikaomba radhi. Mabalozi wa Afrika mjini Beijing walimwandikia Waziri wa Mambo ya Nje, Wang Yi, kulalamika.

Maabara ilifanya kazi yake: ilionyesha nani ana kirusi na nani hana. Haikuweza kueleza kwa nini mtu mwenye homa anaogopa kubisha hodi hospitalini. Hilo lilikuwa limekwisha kuelezwa na wengine. Adams Bodomo, Mghana aliyekuwa akifundisha Hong Kong, aliwahoji Waafrika wa Guangzhou kwa miaka na mwaka 2012 akatoa kitabu juu yao. Mwaka 2017 mwanaanthropolojia Gordon Mathews na wenzake walitoa cha kwao, baada ya kukaa na wafanyabiashara wa Xiaobei, mtaa wa jiji hilo, wakisikiliza wanavyoaminiana, wanavyodhulumiana na wanavyoishi viza ikiisha. Humo unamwona mtu anayekwepa kila mwenye sare kwa sababu ya hati, si kwa sababu ya ugonjwa. Julai 2009 Mnigeria mmoja aliruka dirishani akikimbia msako wa pasipoti, na wenzake wakaandamana hadi kituo cha polisi. Mwenye kumbukumbu hiyo hapeleki msako ilhali anataka watu wajitokeze wenyewe.

Hata idadi yenyewe ilikuwa uvumi. Magazeti yaliandika kwa miaka kwamba Waafrika jijini humo walikuwa laki moja, laki mbili, hata zaidi. Mwaka 2014 mamlaka za jiji zilitaja takriban 16,000, na Aprili 2020 zilitaja 4,553. Jirani aliyeaminishwa kuwa ni laki mbili humwona kila Mwafrika kama jeshi linalokuja. Kuhesabu watu sawasawa na kuwauliza wanaishije ni kazi ya sayansi ya jamii. Maarifa hayo yalikuwa yamechapishwa, yananunulika, na operesheni ile ilifanyika kana kwamba hayajaandikwa. Anayesema hayana faida akawaambie hivyo waliolala chini ya daraja.

Na Uganda haihitaji kwenda mbali. Mwaka ule ule wa 2022 uliopandisha mishahara, Ebola ilizuka Mubende, na Oktoba Museveni mwenyewe akawapiga marufuku waganga wa kienyeji kutibu wagonjwa. Kwa nini mgonjwa wa Ebola alianza kwa mganga badala ya hospitali? Hakuna hadubini inayojibu swali hilo. Anayelijibu ni mtafiti anayeijua lugha ya wanakijiji na kukaa nao, na mtafiti huyo alianzia kwa mwalimu wa milioni 1.

Bunge la Uganda lisawazishe mishahara hiyo katika bajeti ijayo.