Nyota na Jasho Lake

Kila zama huzaa waimbaji wake, na kila mwaka dunia humvika taji binti mpya aliyependeza kwa sauti au kwa mavazi. Wengi husahauliwa mapema. Wachache hubaki, na watu huwataja hata baada ya muziki kuzimwa. Ni nini kinachowatenga hawa wachache na wale wengi?

Wapo wasemao kuwa ni uzuri, na wapo wasemao kuwa ni fedha za matangazo. Sisi hatukubaliani nao. Uzuri hunyauka, na tangazo hukoma siku fedha inapokwisha. Twaona kwamba mwimbaji huwa kielelezo pale anaposimama kudai haki yake, na umma ukaona kuwa haki hiyo ni yao pia.

Na tumtazame Taylor Swift wa Marekani. Mwaka 2005, akiwa bado binti mdogo, alitia saini mkataba na kampuni ya kurekodi ya Nashville. Albamu zake sita za kwanza zilitolewa na kampuni hiyo, na kwa mujibu wa mkataba rekodi za asili zilikuwa mali ya kampuni, ingawa nyimbo alizitunga yeye, peke yake au pamoja na wenzake. Mwaka 2019 kampuni ikauzwa, na rekodi zikaenda pamoja nayo kama ng'ombe waendavyo pamoja na zizi. Mwaka 2020 zikauzwa tena.

Angeweza kulalamika na kunyamaza. Lakini haki ya mtunzi ilikuwa bado mkononi mwake, na muda wa katazo la kuzirekodi upya ulipokwisha, aliingia studio akaziimba tena. Kati ya mwaka 2021 na 2023 alitoa albamu nne za namna hiyo, na wapenzi wake wakazipokea kwa mamilioni. Msafara wake wa maonyesho 149, ulioanza Machi 2023 na kumalizika Desemba 2024, ulikusanya zaidi ya dola bilioni 2. Mwezi Mei 2025 akatangaza kuwa amezinunua rekodi zake zote za awali.

Hatusemi kwamba kila jambo lake ni la kuigwa. Tiketi za msafara huo zilipoanza kuuzwa Novemba 2022, mauzo yalivurugika hata Baraza la Seneti la Marekani likafanya kikao Januari 2023 kuhoji nguvu za kampuni iliyotawala biashara hiyo. Wengi wenye kipato kidogo walibaki nje ya lango. Tena, ni waimbaji wangapi wawezao kukomboa kazi zao kwa fedha? Hata hivyo, mshonaji na mwalimu, ambao nao huona faida ya jasho lao ikienda kwa wengine, walimwelewa binti huyu bila kufasiriwa.

Jambo hili si geni kwetu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alivuka bahari mwaka 1928 hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Alifariki mwaka 1950, lakini jina lake lingali hai. Leo mabinti zetu hawahitaji kuvuka bahari: wimbo uliorekodiwa asubuhi husikika Mombasa na Muscat kabla ya jua kuchwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yamtambua mtunzi kuwa mwenye haki juu ya kazi yake. Lakini haki hiyo yaweza kuhamishwa kwa saini moja, na wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari.

Basi twawaasa waimbaji wetu wasome mkataba hadi mstari wa mwisho, wamwite mwanasheria kabla ya kutia saini, na wasajili kazi zao. Nao wazee wa binti mwenye kipaji wasiharakishe kushangilia fedha za mwanzo. Waulize kwanza: baada ya miaka 20, wimbo huu utakuwa wa nani?