Lubumbashi: Enerji si chakula, na mtoto mwenye njaa asiuziwe

Kwenye masoko ya Lubumbashi, kuanzia Kenya mpaka Njanja, chupa za enerji zinapangwa mbele kabisa ya meza, karibu na mikate na maji ya sashe. Wanaozinunua si matajiri wanaotafuta starehe. Ni kijana anayebeba magunia, ni mwendesha pikipiki aliyeamka saa kumi ya usiku, ni shofere wa lori anayengojea zamu yake Kasumbalesa, ni mlinzi wa usiku, ni mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye mtihani kesho. Kati yao wamo pia watoto wa familia zilizokimbia fujo za Pweto na Mitwaba, waliofika mjini bila shamba wala jembe, na ambao sasa wanatafuta kazi ya mikono ili jioni nyumbani kuwe na unga. Wengi wanakunywa enerji mahali pa chakula cha asubuhi, kwa sababu ni rahisi kuliko sahani ya bukari na ndakala, na kwa sababu picha iliyo juu ya chupa, umeme au mtu mwenye misuli, inawaambia kwamba hiyo ni nguvu.

Si nguvu. Wauzaji wanalijua, au wangepaswa kulijua.

Ndani ya chupa kuna vitu viwili vinavyofanya kazi: sukari na kafeini. Mtu akikaa macho, ubongo wake unakusanya kitu kidogo kidogo ambacho kinampelekea ujumbe kwamba amechoka na alale. Kafeini inakalia kiti cha ujumbe huo, basi haufiki. Uchovu wenyewe haujaondoka hata kidogo. Misuli imechoka vilevile, macho yamechoka vilevile, isipokuwa mwenye mwili hapati habari. Tena kafeini haitoki haraka: kwa mtu mzima, masaa kama matano baada ya kunywa, nusu yake ingali ndani ya damu. Anayemaliza chupa saa kumi ya jioni, saa tatu ya usiku bado anayo nusu. Analala vibaya, asubuhi anaamka amechoka, ananunua nyingine. Ndiyo biashara yote hiyo.

Hesabu yake si ngumu. Chupa au kopo la mililita 250 kwa kawaida lina kafeini kama miligramu 80. La nusu lita lina kama 160. Mwaka wa 2015 wataalamu wa usalama wa chakula wa Umoja wa Ulaya walisema mtu mzima mwenye afya asipite miligramu 400 kwa siku, wala 200 kwa mara moja. Kwa mtoto walipima kwa kilo: miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili. Mvulana wa kilo 40, na watoto wa kilo 40 wanabeba magunia mazito kuliko wao katika masoko yetu, mpaka wake ni 120. Chupa moja ya nusu lita tayari imempitisha. Mara nyingi haiko moja.

Sukari nayo isisahauliwe. Nusu lita ya enerji ya kawaida ina gramu kama 55. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isipite gramu 50 kwa siku nzima kwa mtu mzima, na ingekuwa bora zaidi isipite 25.

Wako watakaojibu kwamba kahawa na chai pia zina kafeini, na babu zetu walikunywa wakazeeka. Ni kweli zina kafeini. Lakini kahawa ya moto inanywewa taratibu, na kikombe kikubwa kikiisha mtu anaondoka. Enerji ya baridi inamezwa kwa dakika moja, kwenye jua, na kijana asiyekula tangu jana. Hapo moyo unaanza kupiga mbio, mikono inatetemeka, tansio inapanda, wengine wanatapika. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo uliofichika, ambaye hajawahi kupimwa (na nani kati ya wabeba mizigo amewahi kupimwa moyo?), mpigo unaweza kupotea kabisa. Munganga akimuuliza alikunywa nini, anasema: hakuna, enerji tu.

Kuna hatari zingine ambazo hazisemwi hata kidogo kwenye mabaraza. Dawa ya cipro, ambayo mjini hapa inanunuliwa barabarani kama pipi kwa kila ugonjwa wa tumbo, inazuia mwili kuitoa kafeini. Anayemeza cipro na kunywa enerji anabaki na kafeini ndani ya damu muda mrefu zaidi. Mama mjamzito naye mwili wake unaitoa polepole sana, hasa miezi ya mwisho, na wataalamu walewale wa Ulaya walimwekea mpaka wa miligramu 200 kwa siku, zikihesabiwa pamoja na chai na kahawa yake. Na wale wanaochanganya enerji na lutuku au na pombe kali ya sashe wanadanganyika mara mbili: pombe imewalevya, kafeini inawaficha kwamba wamelewa, wanapanda pikipiki. Marekani, mwezi wa 11 mwaka 2010, serikali iliandikia viwanda vinne vilivyotia kafeini ndani ya pombe, ikasema mchanganyiko huo si salama. Hapa kila baa inachanganya yenyewe, mchana peupe.

Kwa familia zilizohama kuna jambo moja la haraka kuliko yote. Mtoto akiharisha, wazazi wengine wanamnunulia enerji ili «arudishe nguvu». Hilo linaweza kumuua. Sukari nyingi namna ile inavuta maji kuyapeleka matumboni, kuhara kunazidi, na katika jimbo ambalo kolera inarudi mara kwa mara, kosa hilo halisubiri kesho. Dawa yake ni SRO ya kituo cha afya. Ikikosekana, lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vikorogwe vizuri, mtoto anyweshwe kidogo kidogo huku akipelekwa kituoni. Vitu hivyo vyote ni rahisi kuliko chupa ile.

Sasa serikali iko wapi? Mwisho wa mwaka 2018, kinywaji kimoja cha enerji kilichotengenezwa Ndola, nchini Zambia, kilileta malalamiko toka Uganda: mtu aliyekinywa alitoka jasho bila kukoma, na mwili wake ukasimama kwa masaa. Maabara ilipopima ilikuta ndani yake sildenafil, ile dawa ya wanaume inayojulikana kwa jina la Viagra. Baraza la mji wa Ndola likakizuia. Ndola haiko mbali. Mtu akitoka Lubumbashi asubuhi akapita Kasumbalesa, anaifikia siku hiyohiyo, na bidhaa za upande ule zinajaa maduka yetu. Hata dawa ya kutolewa na munganga iliingia ndani ya chupa ya sokoni, na walioinywa hawakujua.

Lithuania ilikataza kuuzia enerji watoto wasiofika miaka 18 tangu 2014. Poland ilifuata mwezi wa kwanza 2024. Hazikungojea mpaka kila kitu kiharibike. Katika Haut-Katanga mtoto wa miaka kumi anainunua bila kuulizwa neno, mara nyingine hata karibu na mlango wa masomo. Na mapatroni wa malori na wa pikipiki wasijifiche nyuma ya serikali: anayemdai shofere wake versement ya siku nzima na nusu ya usiku, huyo ndiye anayemnunulia enerji, hata kama hatoi franka.

Ofisi ya ukaguzi ya OCC iko mpakani kwa kazi hiyo. Wakaaji wana haki ya kujibiwa: kati ya katoni za enerji zinazopita Kasumbalesa kila juma, chupa ngapi zinafunguliwa na kupimwa? Ni lini kipimo cha kafeini kitaandikwa juu ya kila chupa kwa herufi ambazo jicho linaweza kuona, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili? Na nani atamfungia duka yule anayemuuzia mtoto?