KIJANA, PIKIPIKI YAKO, KADI YA NANI?

Ndugu kijana wa Dodoma, wewe unayeamkia kijiweni Majengo, Chang'ombe, Nkuhungu au pale stendi ya Nane Nane, leo tuulizane swali moja tu. Hiyo pikipiki unayoifuta vumbi kila asubuhi, kadi yake ina jina la nani?

Usinijibu "ni yangu". Nimeuliza kadi.

Mchezo tunaujua. Umechukua pikipiki ya mkataba. Tuseme ni shilingi 10,000 kwa siku, mwaka mzima, Jumapili humo humo. Piga hesabu: 3,650,000! Mafuta juu yako, tairi juu yako, faini juu yako. Ukilala na malaria, deni halilali. Halafu zimebaki wiki mbili umalize, tajiri anatuma watu, pikipiki inachukuliwa mchana kweupe. Unakimbilia polisi. Swali la kwanza: kadi iko wapi? Kadi ni ya tajiri. Wewe uliyelipa mamilioni ndiye unayetazamwa kama mwizi!

Hivi wakubwa hawayajui haya? Wanayajua sana. Ila katika nchi hii daftari la magari na pikipiki linashikwa na Mamlaka ya Mapato. Mkusanya kodi haulizi nani katoa jasho. Anauliza nani kalipa ada. Akishapata chake, kazi imekwisha.

Tazama wenyewe. Mwaka 2016, mwaka ule ule serikali ilipotangaza kuhamia hapa kwetu, bajeti ilipandisha ada ya kusajili pikipiki kutoka 45,000 hadi 95,000. Mwaka 2017 wakafuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, watu wakashangilia. Danganya toto! Wakaongeza ushuru wa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na hata mafuta ya taa. Bibi wa Kongwa asiye na hata baiskeli akachangishwa kwa kibatari chake ili gari la kigogo lisilipe leseni. Mwaka 2021 wakapunguza faini ya bodaboda kutoka 30,000 hadi 10,000. Ahsante. Lakini ndugu yangu, hapo wamepunguza bei ya kosa. Bei ya haki je?

Maana hata ukimaliza mkataba salama, kubadili jina kuna ada na ushuru wa stempu. Inatakiwa kadi halisi, mkataba wa mauziano, na namba ya mlipa kodi ya muuzaji na ya mnunuzi. Tajiri akizima simu, umekwama. Akifa, warithi hawakujui.

Wapo watakaosema tajiri naye anaibiwa, kuna vijana wanaotoroka na pikipiki. Ni kweli, wapo. Basi si ndiyo sababu majina yote mawili yakae kwenye kadi? Benki ikimkopesha mtu gari, jina la benki na la mkopaji huandikwa pamoja mpaka deni liishe. Mwenye suti analindwa, benki inalindwa. Kabwela wa kijiweni aambiwe haiwezekani? Kwa nini?

Tunadai mambo matatu. Kwanza, mkataba wa pikipiki uandikishwe, na jina la dereva liingie kwenye kadi tangu siku ya kwanza. Pili, mkataba ukiisha, jina la tajiri litoke bila ada. Tatu, pikipiki yenye mkataba ulioandikishwa isinyang'anywe bila amri ya mahakama.

Mpaka hapo, jilinde. Mkataba wa mdomo ni upepo. Andikeni, wekeni mashahidi, mgongewe muhuri ofisi ya serikali ya mtaa. Lipa kwa simu, ujumbe usiufute.

Na siku ya kampeni watakuja. Mashangingi ya Mtumba yatapaki kijiweni kwako, utapewa fulana na lita mbili za mafuta ili uongoze msafara ukipiga honi. Mafuta chukua, ni kodi yako hiyo. Lakini kabla hujawasha pikipiki, msogelee mheshimiwa dirishani, mwonyeshe tangi, muulize mbele ya watu: kadi ya hii itakuwa na jina langu lini?

Akicheka tu na kupandisha kioo, umeshapata jibu. Kura yako unayo mwenyewe, hiyo haina mkataba.