Ukimya wa Samehe ni uasi

Nina kibanda cha kuingizia watu muvi kwenye flashi, Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, upande wa sokoni. Wateja wangu ni wachukuzi, machinga, mafundi cherehani na kina mama wanaosubiri mwendokasi. Wote wanapenda muvi ya mtu mmoja aliyewagomea wakubwa: mfungwa anayetoroka, askari anayekataa amri. Ikiwa imetafsiriwa na marehemu Lufufu, ndiyo kabisa, wanairudia mpaka wanaikariri. Nami nazipenda. Lakini uasi mzito kuliko wote niliopata kuuona kwenye kioo ni wa mwanamke wa Kitanzania ambaye amekataa kufungua mdomo.

Ni Samehe, katika filamu ya Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill. Amelazwa hospitali ya magonjwa ya akili. Utotoni alimwona mama yake akiteketea kwa moto, na sasa amekaa miaka ishirini bila kusema neno. Anayemwigiza ni Amandina Lihamba, profesa aliyefundisha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ninawaomba mtazame macho yake tu. Hospitali ina funguo, ina dawa, ina faili lake. Sauti yake haina.

Kisha anakuja Daktari Asira, Mmarekani mweusi, anayeigizwa na BarbaraO, yule yule wa filamu ya Daughters of the Dust. Amekuja na usomi wake wote, na mbele yake anatokea Bibi Maangamizi, mzimu wa kale anayemjia Samehe. Hapo ndipo filamu inaponishika koo. Asira afanyeje? Akisema amemwona bibi huyo, atakuwa amevuka upande wa wagonjwa. Akinyamaza, atakuwa amemwacha Samehe peke yake. Mwenye koti jeupe naye anajikuta analazimika kuasi.

Wapo wanaosema filamu hii inawatoa wagonjwa hospitali na kuwarudisha kwa waganga. Siikubali hoja hiyo. Ninachokiona mimi ni daktari anayejifunza kusikiliza kabla ya kuandika. Hapa Kariakoo ukibishana na mtu kidogo tu, atakuambia ukapimwe hospitali ya vichaa ya Mirembe, na ukishapewa jina la kichaa, lolote utakalosema baadaye ni kichekesho. Palikuwa na kijana mchukuzi aliyezoea kuongea peke yake huku akisukuma mkokoteni. Tulimcheka mtaa mzima. Hakuna aliyemuuliza anaongea na nani.

Mwaka 2001 Maangamizi ilikuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Ya pili, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilipelekwa 2022. Miaka 21 katikati! Naipenda nayo sana. Ila adui wa Denge, mpigania uhuru wa filamu hiyo, ni mkoloni wa Kiingereza, na mkoloni unamjua tangu anapoingia. Wanaomzunguka Samehe wanataka apone. Kumgomea anayekutakia mema, huku ukijua hajakuelewa, ni kazi ngumu zaidi, na ndiyo maana naiweka Maangamizi juu.

Wateja hawaiulizi kwa sababu hawajawahi kuiona. Enzi za sidii, makava ya Bongo Muvi yalipojaa mitaa ya Aggrey na Likoma, la Maangamizi sikuliona hata siku moja. Sitaki kuiiba. Nawaomba wenye haki nayo waiachie TBC irushwe usiku mmoja watu wakiwa nyumbani, halafu watupe ruhusa sisi wa vibandani tuiuze kwa bei ya mchukuzi, buku moja, na chao tuwapelekee. Nafasi kwenye diski yangu ipo, na bango nitalichapisha mwenyewe.