Shule ya Umma, Faida ya Mwenye Nyumba

Nenda Mbagala au Tandale ukatafute chumba cha kupanga. Dalali hatakusifia bati wala ua. Atakuambia kwamba shule iko hatua chache tu kutoka mlangoni, kisha atadai kodi ya pango ya miezi sita kwa mkupuo. Tujiulize, ndugu walimu na watumishi wa umma: shule hiyo ni ya nani, hata imjaze fedha mwenye nyumba?

Mkoloni aliugawa mji huu kwa rangi. Wazungu walikaa Oysterbay, Wahindi katikati ya mji, Waafrika Kariakoo na Ilala; na shule zikafuata mgawanyo huo huo. Baada ya Uhuru tuliufuta ubaguzi wa rangi shuleni, na mwaka 1963 tukafuta umilikaji wa ardhi usio na ukomo. Mwalimu Nyerere alikwisha kutuonya tangu mwaka 1958, katika kijitabu chake Mali ya Taifa, juu ya hatari ya kuifanya ardhi bidhaa. Leo hakuna anayeulizwa rangi yake. Anaulizwa uwezo wake wa kulipa.

Mwaka 2016 ada ilipofutwa hadi kidato cha nne, watoto walifurika madarasani, na katika shule nyingi za Temeke wakasoma kwa zamu. Kila darasa lililoongezwa lilitokana na kodi za umma na jasho la wananchi, wapangaji wakiwamo. Mwenye nyumba jirani hakuongeza tofali hata moja, lakini bei ya nyumba yake ikapanda.

Je, anarudisha nini? Mwaka 2021 kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kwenye luku, nyumba ya kawaida ilitozwa shilingi 1,000 kwa mwezi, iwe Masaki, iwe Mbagala. Na anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Basi mnyonge huyu analipa mara tatu: anachangia shule, anapandishiwa pango kwa sababu ya shule, na anamlipia mwenye nyumba kodi ya nyumba isiyo yake. Wapo wanaosema apatane na mwenye nyumba. Atapatanaje na mtu aliyeshika ufunguo?

Wapo pia watakaosema kwamba nyumba ni jasho la mtu. Ni kweli, na jasho hilo liheshimiwe. Lakini thamani iliyoletwa na shule ni jasho la wengi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini.

Hatuna budi kuchukua hatua. Kwanza, kodi ya majengo ifuate thamani ya mahali, ilipwe na mwenye mali, na ipelekwe kwenye shule zilizofurika. Pili, mipaka iwafuate watoto. Mwaka 2015 Kigamboni ilipotengwa na Temeke, na Ubungo na Kinondoni, shabaha ilikuwa kusogeza huduma. Basi mstari wa ramani usimzuie mtoto kuingia shule iliyo karibu na kwao. Tatu, walimu wajengewe nyumba karibu na shule zao, ili anayeipa mtaa thamani asifukuzwe na thamani hiyo hiyo.

Tuliukataa ubaguzi wa rangi. Tusiupokee ubaguzi wa pango.